Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kukuza Nyasi za Mapambo za Msimu Mmoja

Watunza bustani wengi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zao kung'oa nyasi, na kwa sababu hiyo wazo la kuzipanda kwa makusudi, kuzimwagilia na kuzisubiri hadi zitoe masuke huwatia mashaka. Hata hivyo, ziko aina za nyasi ambazo huota, hukua, huzaa na kufa ndani ya msimu mmoja tu, na hizo huipa bustani kitu ambacho maua peke yake hayawezi kuipa, nacho ni mwendo. Upepo mdogo usiotikisa hata jani la mwaridi hutosha kuyatetemesha masuke ya Briza maxima, na jua la jioni likipita nyuma ya masuke ya Lagurus ovatus, kila unywele wake huonekana kana kwamba umewashwa kwa ndani.

Nyasi hizi si ngumu kukuza. Nimezipanda kwa misimu mingi, na nimeona kwamba makosa karibu yote hutokea katika nyakati mbili fupi za maisha yake: zinapokuwa miche ya siku kumi, ambapo mwenye bustani huzing'oa mwenyewe akidhani ni magugu, na masuke yanapokaribia kupukutika, ambapo asipoyakata kwa wakati mbegu humtoroka na kuenea pasipotakiwa. Mwongozo huu unafuata hatua zote kuanzia uchaguzi wa aina hadi uhifadhi wa mbegu, lakini utakaa zaidi katika nyakati hizo mbili.

Hatua ya kwanza: Fahamu maana ya "msimu mmoja"

Nyasi zinazouzwa kwa jina hilo ni za makundi mawili, na ni lazima ujue unayoitaka iko katika kundi gani kabla ya kununua chochote. Kundi la kwanza ni la nyasi za msimu mmoja kwa asili yake. Hizi zikishatoa mbegu hufa, hata ukizimwagilia na kuzitunza vizuri namna gani, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Humo wamo Lagurus ovatus, Briza maxima na ndugu yake mdogo Briza minor, Agrostis nebulosa, Lamarckia aurea, Setaria italica, uwele, pamoja na mahindi na mtama wa mapambo.

Kundi la pili ni la nyasi ambazo kwa asili huishi miaka mingi, lakini kwa kuwa hazistahimili baridi ya kugandisha, wakazi wa nchi za baridi huzipanda upya kila mwaka. Maelezo ya pakiti yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali yanaweza kumpotosha kabisa mtu anayeishi mahali pa joto, kwa sababu kwake nyasi hizo hazitakufa mwishoni mwa msimu. Mfano mzito ni Pennisetum setaceum, ambayo siku hizi wataalamu huiweka katika jenasi ya Cenchrus. Unyasi huu una masuke marefu yanayoinama kama maji ya chemchemi, na uzuri huo ndio uliousafirisha duniani kote. Katika visiwa vya Hawaii umeenea juu ya miamba ya volkano na kuwa kuni za moto wa nyika, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliuingiza katika orodha yake ya viumbe vamizi. Mtu anayeishi mahali pa joto na pakavu asiupande kamwe, hata kama mbegu zake zinapatikana kwa urahisi.

Wengi huuchanganya unyasi huo na ule wenye majani ya rangi ya zambarau unaoitwa 'Rubrum'. Huu mara nyingi haufungi mbegu zenye uhai, na huongezwa kwa kugawanya mashina, si kwa kusia. Kwa hiyo mtu akikuonyesha pakiti ya mbegu na kukwambia kwamba ni za 'Rubrum', usinunue, kwa sababu ndani yake huenda kukawa na ule wa kijani unaoenea.

Kabla ya kuamua, tafuta orodha ya mimea vamizi ya nchi yako na uangalie jina la kisayansi la aina unayoitaka. Majina ya kawaida hayatoshi kwa kazi hii, kwani jina moja la mtaani linaweza kubeba aina tatu zisizo na uhusiano wowote.

Hatua ya pili: Chagua kulingana na joto, kisha kulingana na umbo

Jambo linaloamua kama mbegu itaota au itaoza ni joto la udongo. Nyasi za asili ya maeneo yanayoizunguka Bahari ya Mediterania, yaani Lagurus, Briza, Agrostis nebulosa na Lamarckia, huota vizuri udongo ukiwa na joto la wastani, kati ya nyuzi 10 na 18 za Selsiasi, na hukomaa kabla joto kali halijafika. Mahali penye baridi ndogo zinaweza kusiwa mwishoni mwa majira ya joto zikakua polepole wakati wa baridi. Penye baridi kali husiwa mara udongo unapoanza kulegea, na penye joto mwaka mzima husiwa mwanzoni mwa kipindi cha ubaridi. Ukizisia kwenye udongo wa moto zitasinyaa mapema na kutoa masuke machache.

Kundi la uwele, Setaria, mtama, mahindi ya mapambo na Coix lacryma-jobi lina tabia iliyo kinyume. Mbegu zake zinahitaji udongo uliofikia nyuzi 18 na kuendelea, na ukizifukia kwenye udongo baridi na wenye maji zitaoza kabla ya kuchipua. Mwenye haraka atapoteza mbegu, ilhali anayesubiri wiki mbili zaidi huwa hachelewi, kwa sababu mche ulioota kwenye joto huupita upesi ule uliodumaa kwenye baridi.

Ukishajua kundi linalofaa kwa hali ya hewa yako, angalia umbo. Kwa mtu anayeanza ningependekeza Lagurus ovatus kuliko nyingine zote. Hufikia sentimita 30 hadi 50, masuke yake ni mafupi, ya mviringo, meupe na laini kama mkia wa sungura, na hukaushwa bila kupoteza umbo. Briza maxima huwa ndefu kidogo kuliko hiyo, nayo masuke yake yanastahili kutazamwa kwa karibu. Kila kijisuke ni bapa, chenye magamba yaliyopangana kama ya samaki, kimening'inia kwenye kikonyo chembamba kama unywele, kwa hiyo hakitulii hata siku inayoonekana haina upepo. Kikikauka hutoa mchakacho mwepesi, na mtu akipita karibu anaweza kuusikia. Agrostis nebulosa haina suke la kushikika; ni wingu la nukta ndogo juu ya mashina ya sentimita 30 au 40, zuri sana likipandwa mbele ya mimea yenye majani mapana, lakini hudumu muda mfupi.

Kwa anayetaka mmea mkubwa, uwele wa mapambo uitwao 'Purple Majesty' hauna mpinzani. Mwaka 2003 ulitunukiwa medali ya dhahabu ya All-America Selections, shirika la Marekani linalojaribu na kutunuku mimea mipya ya bustani, na tangu hapo umeenea katika bustani za nchi nyingi. Hufikia mita 1 hadi 1.5, una majani mapana ya zambarau iliyokolea na suke lililonyooka kama mshumaa. Wengi hulalamika kwamba wameuziwa mbegu isiyo sahihi kwa kuwa miche yao ni ya kijani, ilhali ndivyo inavyokuwa: majani ya mwanzo ni ya kijani, na zambarau huja mmea unapopata jua kamili. Ukipandwa kivulini utabaki na rangi ya kijani iliyochafuka na hautakupendeza.

Setaria italica hutoa masuke mazito yanayoinama kwa uzito wake, na ndege huyapenda mno, jambo ambalo kwangu ni sababu ya kuipanda wala si kasoro. Panicum miliaceum aina ya 'Violaceum' ina masuke yaliyolegea ya rangi ya zambarau. Mahindi yenye majani ya mistari ya kijani, nyeupe na waridi hufaa sana nyuma ya kitanda cha maua, na mtama huvutia unapoanza kukomaa na punje zake kugeuka rangi.

Coix lacryma-jobi ni ya watu wenye subira. Majani yake yanafanana na ya mahindi madogo, na kwa miezi kadhaa hutaona la ajabu. Kisha hutoa shanga, nami natumia neno hilo kwa maana yake halisi: kila mbegu imefungwa ndani ya ganda gumu linalong'aa, ambalo huanza likiwa kijani, hugeuka kahawia au jeusi, na mwisho huwa la kijivu kama lulu. Ukilichomoa ganda lililokomaa na kuvuta ule uzi wa kikonyo uliobaki katikati, utakuta tundu lililo tayari kupitisha uzi, bila sindano wala keekee. Ndiyo maana tangu zamani zimetungwa kuwa mikufu na tasbihi.

Aina moja ninayoitilia shaka ni Hordeum jubatum, jamaa ya shayiri, ambayo masuke yake ya hariri humvutia kila anayeyaona. Ndevu za masuke hayo zina vimiba vidogo vilivyoelekea upande mmoja, kwa hiyo zikiingia puani, sikioni au mdomoni mwa mbwa au mfugo huzidi kupenya ndani badala ya kutoka. Kwenye nyumba yenye wanyama usiipande.

Hatua ya tatu: Chagua mahali kwa kufuata mwanga

Nyasi hizi zote, isipokuwa chache, zinataka jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Kivulini hurefuka, hulegea na kulala. Lakini kupata jua hakutoshi, kwani upande ambao jua linatoka una uzito vilevile. Suke likimulikwa kwa mbele huonekana la kawaida, kama kitu kilichopakwa rangi moja. Likimulikwa kwa nyuma huwaka. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, simama mahali unapopenda kukaa asubuhi au jioni, iwe dirishani, barazani au kwenye benchi, utazame jua liko wapi wakati huo, kisha uchague kipande cha ardhi kilicho kati yako na jua. Siku chache za kutazama namna hii zitakufaidi kuliko mbolea yoyote.

Nyuma ya masuke mepesi kuwe na kitu cheusi au kijani kilichokolea, kama ua wa miti au ukuta usio mweupe. Masuke meupe mbele ya ukuta mweupe hupotea kabisa. Aina ndogo zipandwe kwa makundi ya mashina 5 hadi 9 yaliyosongamana, kwa sababu shina moja la Lagurus lililosimama peke yake huonekana kama gugu lililosahauliwa, ilhali 9 pamoja huonekana kuwa zimekusudiwa. Uwele na Coix zinaweza kusimama kwa mashina 3.

Hatua ya nne: Andaa udongo bila kuurutubisha kupita kiasi

Hapa mtunza bustani mwenye bidii ndiye anayeharibu zaidi. Udongo uliojaa samadi na mbolea ya naitrojeni huzipa nyasi majani mengi, mashina malaini na masuke machache, na mvua ya kwanza yenye upepo huzilaza zote chini. Udongo wa kawaida unaopitisha maji unatosha. Kama ni mfinyanzi mzito, changanya mboji iliyooza vizuri na mchanga wenye chembe kubwa, au inua tuta kwa sentimita 15 ili maji yasituame. Kama ni wa kichanga, mboji kidogo itausaidia kushika unyevu. Uwele na mahindi hula zaidi kuliko nyinginezo, kwa hiyo hizo zipewe safu ya mboji ya sentimita 3 hadi 5 iliyochanganywa na udongo wa juu. Lagurus na Briza zipande hivihivi.

Lima kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, vunja mabonge, sawazisha kwa reki, kisha mwagilia na uache kitanda kikae siku 10 bila kupanda kitu. Mbegu za magugu zilizo karibu na uso wa udongo zitaota. Zikwangue kwa jembe dogo bila kuchimbua tena chini, kwa sababu ukichimbua utaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukiiruka utailipia katika hatua ya sita.

Hatua ya tano: Sia mbegu

Anza kwa kuijaribu mbegu kama imekaa zaidi ya mwaka. Weka mbegu 20 kwenye karatasi laini iliyoloweshwa, ikunje, iweke ndani ya mfuko na uiache mahali penye joto linalofaa aina hiyo. Baada ya wiki 2 hesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya nusu, sia mara mbili ya kiasi ulichopanga.

Sia kwa mstari au kwa duara, usitapanye kamwe. Chora mfereji mwembamba kwa ncha ya kijiti, au bonyeza mdomo wa ndoo kwenye udongo ili upate duara kamili, kisha dondosha mbegu humo. Mbegu ndogo kama za Lagurus na Briza zifunikwe kwa milimita 3 hadi 6 tu za udongo uliochekechwa, na za Agrostis nebulosa, ambazo ni kama vumbi, zichanganywe na mchanga mkavu na kubonyezwa juu ya udongo karibu bila kufunikwa. Uwele na Setaria zifukiwe kwa sentimita 1, na mahindi kwa sentimita 2 na nusu. Coix ina ganda gumu, kwa hiyo iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 24 kwanza, kisha uifukie sentimita 1 hadi 2.

Mwagilia kwa matone mepesi. Maji ya bomba yanayotoka kwa nguvu yataziburura mbegu hadi kona moja ya kitanda, na mstari wako utakuwa umepotea kabla haujaanza. Udongo ubaki na unyevu hadi miche ionekane. Kwenye joto linalofaa, uwele huchukua siku 3 hadi 7, ilhali Lagurus na Briza huchukua siku 10 hadi 21. Coix nayo inaweza kuchukua wiki 3 au zaidi, kwa hiyo usiikatie tamaa.

Penye msimu mfupi wa joto, aina zinazopenda joto zipandwe kwenye trei ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe ambayo hatari ya jalidi hupita, kisha zizoezwe kukaa nje kidogo kidogo kwa wiki moja kabla ya kuhamishwa. Zingatia hili hasa kwa 'Purple Majesty': usiiache kwenye kikopo kidogo hadi mizizi ijizungushe na kubanana. Mche uliobanwa huona kwamba maisha yake yanaisha, hutoa suke dogo ukiwa na urefu wa mkono tu, na ukishafanya hivyo haurudi nyuma, hata ukiuhamishia kwenye udongo bora. Ukinunua miche, chagua iliyo mifupi isiyo na suke, na uiache ile iliyokwisha kutoa suke ndani ya kikopo.

Hatua ya sita: Itambue miche yako kabla ya kupalilia

Msimu wangu wa kwanza nilipoteza kitanda kizima cha Lagurus kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipalilia asubuhi moja, nikang'oa kila unyasi niliouona, nikabaki nikisubiri mbegu ziote kwa wiki 4. Zilikuwa zimeota, ndizo nilizozing'oa. Tangu siku hiyo sijasia aina yoyote mpya bila kufanya mambo matatu.

La kwanza ni ule mstari au duara niliokwisha kuutaja. Magugu hayaoti kwa mstari. Chochote kilichojipanga juu ya alama yako, kwa umbali unaolingana, kichukulie kuwa ni chako hadi kithibitike vinginevyo. Weka vijiti viwili mwanzoni na mwishoni mwa kila mstari, na kibao chenye jina na tarehe, kwa sababu kumbukumbu haitoshi.

La pili ni kusia mbegu chache za aina hiyohiyo kwenye kopo lenye udongo safi usio na magugu, siku ileile uliposia kitandani. Miche ya kopo hilo ndiyo mfano wako. Unapopalilia, lichukue kopo, lishushe hadi chini, ulinganishe jani kwa jani.

La tatu ni kutumia vidole. Jani la Lagurus, hata likiwa changa, limefunikwa na nywele laini, na ukilisugua polepole kati ya kidole gumba na cha shahada utahisi kama kitambaa cha mahameli. Mche wa Briza hauna nywele hizo. Ni laini na mtelezi. Uwele huwa na shina nene tangu mwanzo na jani la kwanza fupi na pana. Ndago, ambayo ndiyo gugu linalosumbua zaidi kwenye vitanda vya namna hii, hujulikana kwa shina lake: lizungushe kati ya vidole nawe utahisi pembe 3, wakati shina la unyasi wa kweli ni la mviringo na lina vifundo. Ndago ing'olewe na kiazi chake, maana ukiikata juu itarudi.

Ukiwa na shaka juu ya mche, uache. Kuling'oa gugu baada ya wiki 2 ni kazi ndogo, lakini mche ukishang'olewa haurudishiki.

Miche ikiwa na majani 3 au 4, ipunguze. Lagurus iachane kwa sentimita 15, Briza 15 hadi 20, Agrostis 10, Setaria, mtama na mahindi 30, Coix 30 hadi 45, na uwele 45. Punguza kwa mkasi badala ya kung'oa, ili mizizi ya mche unaobaki isitikiswe.

Hatua ya saba: Utunzaji wa kila wiki

Nyasi zikishashika mizizi hazina madai mengi. Mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki kama hakuna mvua, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku, kwa kuwa maji ya juujuu hufundisha mizizi kukaa juu. Tandaza matandazo membamba ya majani makavu, yasiyogusa mashina. Mbolea si ya lazima, isipokuwa uwele na mahindi yakionyesha majani ya manjano ya chini, ambapo unaweza kuongeza mboji kidogo kuzunguka shina.

Aina ndefu zilizo mahali pa upepo zifukiwe udongo kidogo kwenye shina zikifika sentimita 30. Kwa aina fupi, chomeka matawi makavu yenye matawi madogo kati ya miche ikiwa bado michanga, nayo itakua na kuyaficha. Wadudu ni wachache. Vidukari huoshwa kwa maji, konokono huokotwa jioni, na madoa ya kutu kwenye majani hupungua ukiacha nafasi ya hewa kupita na kumwagilia chini badala ya juu ya majani.

Kwenye chungu, tumia chenye kina cha sentimita 30 au zaidi kwa uwele, na sentimita 20 kwa Lagurus, kiwe na matundu chini. Kumbuka kwamba chungu hukauka upesi, na wakati wa joto kali kinaweza kuhitaji maji kila siku.

Agrostis nebulosa na Lagurus humaliza kazi yake mapema. Ukisia mara mbili, kwa kuachanisha wiki 3 au 4, utakuwa na masuke mabichi wakati yale ya kwanza yanakauka.

Hatua ya nane: Kata kabla suke halijapukutika

Huu ndio wakati wa pili niliouonya mwanzoni. Suke la mapambo hupendeza kwa wiki kadhaa, na mwenye bustani hushawishika kuliacha hadi mwisho. Lakini mmea unafanya haraka kuliko anavyodhani. Kila siku 2 au 3, baada ya masuke kufunguka, shika suke moja, liweke juu ya kiganja na ulipitishe kidole mara moja kutoka chini kwenda juu. Kama hakuna kilichobaki kiganjani, bado una muda. Zikibaki mbegu 2 au 3, kata siku hiyohiyo, kwa maana upepo unaofuata utafanya kazi ileile bila wewe.

Kwa ajili ya kukausha, kata mapema zaidi. Lagurus ikatwe suke likiwa limetoka lote kwenye ala yake lakini bado halijatoa chavua. Likichelewa litavunjika na kumwaga manyoya ndani ya nyumba. Briza ikatwe vijisuke vikiwa bado na ukijani. Setaria na uwele vikatwe suke likiwa limejaa lakini punje bado hazijalegea. Fanya kazi hiyo mchana, umande ukiwa umekauka. Funga mashina 10 hadi 15 kwa mpira, kwa sababu mashina yakikauka husinyaa na kamba ya kawaida hulegea, kisha yaning'inize kichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa, kwa wiki 2 au 3. Giza huhifadhi rangi.

Kama unataka ndege wale uwele na Setaria, acha masuke yaliyo mbali na mipaka ya bustani, na ukate yaliyo karibu na mifereji, njia au nyika. Masuke yenye mbegu yasitupwe kwenye rundo la mboji, kwani rundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kutosha kuziua, na utazisambaza mwenyewe utakapotandaza mboji hiyo mwaka unaofuata. Mashina yasiyo na masuke hayana tatizo. Yakate na uyaweke humo.

Kwa mbegu za kupanda tena, chagua mashina 2 au 3 bora ya kila aina, uyafunike masuke yake kwa mfuko wa karatasi unaopitisha hewa, ukiufunga kwenye shina yanapoanza kubadilika rangi. Yakikomaa, kata shina lote pamoja na mfuko, utikise, upepete makapi, kisha uanike mbegu kivulini kwa wiki moja. Zihifadhi kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa jina na mwaka, mahali pakavu na baridi. Mbegu za Lagurus, Briza na Coix zitakupa mimea inayofanana na mama yake. Za 'Purple Majesty' usizihifadhi kwa kupanda, kwa sababu ni chotara cha kizazi cha kwanza, na watoto wake watatoka wengine warefu, wengine wafupi, na wengi wao wakiwa na majani ya kijani.